Msamaha wa kodi Kyoto: unaishia kaunta au unafika karakana?

Anayepanda mteremko wa Sannenzaka kuelekea hekalu la Kiyomizu hupita maduka ya vyombo vya kauri, pepeo za kukunja, vijiti vya kulia na ubani, na mengi kati yake yamebandika alama ya ua la mcheri inayomwambia mgeni kwamba humo atanunua bila kodi. Wapo wanaoyachanganya maduka hayo na yale ya uwanja wa ndege yanayouza manukato na sigara bila ushuru. Kosa hilo si la maneno tu. Ushuru wa forodha hutozwa kwa kitu kilichotoka nje, ilhali bakuli la chai lililofinyangwa papo hapo Kyoto halijavuka mpaka wowote. Kinachosamehewa ni kodi ya matumizi, ambayo tangu Oktoba 2019 ni asilimia 10, na ambayo mkazi wa jiji hilo huilipa kila anunuapo kitu.

Hoja ya wanaoutetea msamaha huu ina msingi imara kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Kodi ya matumizi hulipwa pale kitu kinapotumika, wala si pale kinapotengenezwa, na ndiyo maana bidhaa za kuuzwa nje huondoka bila kodi hiyo. Kanga nyingi zilizochapwa Japani kwa ajili ya pwani ya Afrika Mashariki katika karne iliyopita zilitozwa ushuru huku zilikoshukia. Bakuli la mtalii linatofautiana nazo kwa kuwa linasafiri mkobani badala ya kupakiwa melini. Kwa mtazamo huo mgeni hapewi zawadi yoyote, bali anatendewa kama msafirishaji mdogo wa bidhaa.

Hata hivyo serikali ya Japani haikuishia kwenye kanuni hiyo, kwani iliutumia msamaha kama chombo cha kukuza biashara. Tangu Aprili 2015 maduka ya mtaa mmoja yanaweza kutumia kaunta ya pamoja ya kushughulikia kodi, na Mei 2016 kiwango cha chini cha ununuzi wa bidhaa za kawaida kilishushwa kutoka zaidi ya yeni 10,000 hadi yeni 5,000 kabla ya kodi, miongoni mwa sababu zake ikiwa kuzipa kazi za mikono za mikoani nafasi ya kuuzika kwa wageni. Hapo ndipo uchambuzi unapopaswa kuwa mkali, kwa sababu chombo hupimwa kwa kazi kilichopewa.

Kazi yenyewe ni nzito. Japani ilitunga sheria ya kuendeleza sanaa za jadi za mikono mwaka 1974, na kazi zinazotambuliwa chini yake sasa zimepita 240, zikiwamo vitambaa vya hariri vya Nishijin na kauri za Kyoto. Pamoja na ulinzi huo, thamani ya uzalishaji, iliyozidi yeni bilioni 500 mwanzoni mwa miaka ya 1980, imeshuka chini ya bilioni 100. Mtaa wa Nishijin, uliopata jina lake kutokana na kambi ya magharibi katika vita vya Onin vilivyoanza mwaka 1467, uliishi kwa kufuma mishipi ya kimono, na kimono yenyewe imeacha kuwa vazi la kila siku. Mgeni anayepita hapo leo akiwa amevaa kimono, aghalabu ameikodi kwa siku moja, nayo mara nyingi ni ya poliesta.

Je, asilimia 10 inaweza kuziba pengo la namna hiyo? Chukua bakuli la yeni 22,000 pamoja na kodi. Mgeni analipata kwa 20,000, na akilinunua katika duka kubwa lenye kaunta ya marejesho huenda akakatwa ada ndogo. Ameokoa kiasi cha yeni 2,000. Sasa tazama thamani ya yeni: mwaka 2019 dola moja ilikuwa takriban yeni 110, na katikati ya mwaka 2024 ilifika 160. Yeni 20,000 zilezile zilishuka kutoka dola 182 hivi hadi 125, yaani punguzo la dola 57, ilhali msamaha wa kodi kwa kiwango hicho cha mwisho una thamani ya dola 12 na nusu. Wageni zaidi ya milioni 36 waliofika Japani mwaka 2024 walivutwa na mengi, lakini kwa upande wa bei ni vigumu kusema kwamba kodi ndiyo iliyowafungua pochi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mahali nafuu inapoishia. Leseni ya kuuza bila kodi hupewa mfanyabiashara anayelipa kodi ya matumizi. Fundi ambaye mauzo yake hayazidi yeni milioni 10 kwa mwaka kwa kawaida hayumo katika mfumo huo, kwa hiyo hawezi kubandika ua la mcheri kwenye karakana yake asipojiandikisha kwa hiari. Atauza kupitia mfanyabiashara wa jumla au duka kubwa, na humo ndimo msamaha utakamotolewa. Kisha, Oktoba 2023, Japani ilianzisha mfumo mpya wa ankara ambao haumruhusu mnunuzi wa jumla kukata kikamilifu kodi ya vitu alivyonunua kwa fundi asiyejiandikisha. Fundi huyo akabaki kuchagua kati ya kujiandikisha na kuanza kulipa, au kukaa nje huku akihofia kuombwa apunguze bei. Basi katika jiji lilelile, mgeni anapumzishwa kodi na mfinyanzi anasukumwa aanze kuilipa.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuubebesha msamaha lawama ya mfumo wa ankara. Duka linalouza bila kodi hurudishiwa kodi lililolipa kwa bidhaa hizo, na mgeni aliyeshawishika kupanda kutoka pepeo ya yeni 3,000 hadi bakuli la 20,000 ameongeza kazi katika tanuri fulani. Kuufuta, kama wanavyotaka baadhi ya wanasiasa wa Japani, kungeingiza fedha hazina bila kumrudishia mfumaji mteja hata mmoja. Waliopata wateja wapya Nishijin walipita njia nyingine: kampuni ya Hosoo, iliyoanzishwa mwaka 1688, ilitengeneza mtambo wa kufuma kitambaa chenye upana wa sentimita 150, kwa kuwa kitambaa cha mshipi, chenye upana wa sentimita 30 na kitu, hakifai kwa kuta na viti vya maduka ya kifahari.

Mabadiliko ya utaratibu ndiyo yatakayoonekana karakana kabla ya mengine yote. Tangu Aprili 2025 mgeni hawezi tena kununua bila kodi na kisha kujitumia mzigo mwenyewe kwa posta. Ama aubebe, ama duka liusafirishe moja kwa moja. Kwa simu au vipodozi hilo si kitu, lakini kwa mtungi mkubwa wa kauri ni kikwazo halisi, na mwenye duka dogo asiyezoea kujaza fomu za usafirishaji atapoteza mauzo. Kuanzia 1 Novemba 2026 mgeni atalipa bei kamili dukani, kisha kodi atarudishiwa baada ya forodha kuthibitisha kwamba mzigo unaondoka nchini. Mfumo huo umebuniwa kuwabana wanaonunua bila kodi na kuuza humohumo Japani, na unamwondolea muuzaji hofu ya kudaiwa kodi ya mtu aliyemdanganya. Kwa duka la familia pale Gojozaka, mtaa wa kauri wa Kyoto, hiyo ni nafuu, pengine kubwa kuliko asilimia 10 zenyewe. Mzigo unahamia kwa mnunuzi: uwanja wa ndege wa Kansai uko zaidi ya saa moja kwa treni kutoka Kyoto, na aliyelizungushia bakuli lake sweta mbili katikati ya sanduku anapaswa kuwa tayari kulifungua kabla ya kukabidhi mzigo, endapo afisa atataka kuliona.