Kitabu cha Fildi Chenye Muhuri wa NAKALA

Kupata fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ni nusu ya shughuli. Nusu nyingine ni kukishawishi chuo kwamba kweli uliifanya.

Nafasi yenyewe niliipata baada ya ofisi kadhaa kuniambia "tutakupigia", huku namba yangu hawajaichukua. Taratibu za chuo nilizifuata zote. Nilijisajili kabla ya kuanza (ukifanya kazi kwanza ukajisajili baadaye, vyuo vingi havizihesabu saa zako), nikasaini makubaliano ya nitakayojifunza, nikakabidhiwa kitabu cha kumbukumbu: andika ulichofanya kila siku, msimamizi asaini, kila wiki apige muhuri.

Makubaliano yalitaja "uchambuzi wa taarifa za fedha". Taarifa za fedha niliziona kweli, zikiingia na kutoka kwenye mashine ya fotokopi. Katika ECTS, mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kuhesabu krediti za masomo, krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Kwa hesabu hiyo, krediti ya kwanza niliivuna hata kiti sijaonyeshwa.

Msimamizi wangu, mzee mpole ajabu, hakupenda mambo ya kila wiki. "Kijana, mihuri tutaipiga yote siku ya mwisho." Siku ya mwisho ikafika, miwani ikabaki nyumbani. Akapapasa droo, akakamata muhuri, akaanza: pa! pa! pa! Alikuwa na raha kama mpiga ngoma harusini, nami sikuthubutu kumkatiza. Kila ukurasa ukatoka na neno moja jekundu: NAKALA.

Mratibu wa fildi chuoni alikifungua kitabu, akakifunga. "Hiki ni nakala. Niletee halisi."

"Mwalimu, halisi ndicho hicho. Tazama, wino wa kalamu hata haujakauka vizuri."

"Imeandikwa nini hapa?"

"Nakala."

"Basi."

Nikarudi kwa mzee. Safari hii alikuwa na miwani. Akasoma, akacheka mpaka akaishika meza. Muhuri ukishapigwa haufutwi, akasema, itaonekana tumeghushi. Ila kuthibitisha nakala ofisi inaruhusiwa. Basi nikakitoa kopi kitabu kizima, kazi ambayo kufikia hapo ningeifanya nimefumba macho, naye akagonga kila karatasi muhuri mwingine, akiusoma kwa sauti kabla ya kuushusha: IMETHIBITISHWA KUWA NAKALA HALISI.

Mratibu aliupitisha kidole taratibu mpaka akalifikia neno alilokuwa akilitafuta.

"Umeona sasa? Halisi hii hapa. Ulikuwa unabishana nini?" Kitabu chenyewe akanirudishia. "Na hiyo nakala yako kaa nayo."

Ikabaki fomu ya tathmini, iliyokuja ndani ya bahasha iliyofungwa. Mbele ya "Stadi alizopata mwanafunzi", mzee alikuwa ameandika neno moja: "Kudurufu."

Mratibu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hilo linaonekana," akasema, akanijazia krediti zote.