Prosesa ya Elfu Themanini na Maneno ya Watu

Jamani hivi ni kwangu tu au kitu cha bei rahisi siku hizi kinakuja na ukoo wake mzima? Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 7010, zile za maofisini Ulaya zinazoshuka kwa kontena, ubavuni mpaka leo ina stika ya namba ya mali ya ofisi, maneno ya Kijerumani. Ndani kuna prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya i5-3470 na kadi ya picha ya 1050 Ti, niliichukua hiyo kadi kwa kuwa inakula wati 75 tu, inapata umeme hapo hapo kwenye mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani, maana pawasaplai ya hii mashine waya wa ziada wa kadi haina kabisa.

Sasa kuna jamaa Kariakoo anauza prosesa ya i7-3770 used, nibadilishe hii yangu, anataka 80,000. Basi maneno yakaanza.

Mdogo wangu kasikia i7 tu, ni kama nimemwambia V8, "braza chukua hiyo utakuja kujuta!" Dogo, i7 ya mwaka 2012 hiyo, mtoto aliyezaliwa mwaka huo saa hizi ni wa sekondari. Core, yaani viini vya prosesa, ni nne vile vile, ila thread, zile njia za kupitisha kazi, zinatoka 4 zinakuwa 8, spidi ya juu inatoka GHz 3.6 inaenda 3.9, umeme wote wanakula sawa. Ndo hivyo tu, hakuna muujiza.

Halafu kuna mshikaji wangu wa "ongeza kidogo". Huyu ndo ananimaliza. Ukimwambia i7 anakwambia aah ongeza kidogo uchukue mashine ya i5-8500, core sita, na Windows 11 inaikubali, ukikubali tu hiyo anasema sasa kama umefika hapo si uongeze kidogo uchukue Ryzen, prosesa za AMD, ukifika Ryzen inataka mazabodi yake na RAM (memori) zake, ongeza kidogo, kadi nayo itaonekana ya kizamani, ongeza kidogo, mpaka tunamaliza soda nipo kwenye bei ya bodaboda na hela ya soda nimelipa mimi.

Mama watoto yeye hana mambo mengi. "Baba Shamsa, hiyo themanini si gesi hiyo na chenji inabaki?" Nikamwambia ni ya kazi. Akaangalia skrini, Franklin wa gemu la GTA V yupo juu ya pikipiki anakimbizwa na polisi. Akaondoka zake.

Na hapo kwenye GTA V ndo penye kesi, maana waliolitengeneza walipendekeza i5-3470, hii hii yangu kwa namba! Lakini nikiingia mjini kwa spidi picha inakwama, inaruka, nikifungua Taski Manija kuona nani anafanya kazi, prosesa ipo asilimia 100 huku kadi ipo hamsini na kitu imejikalia haina habari. Hapo sawa, i7 itasaidia, thread zile nne za ziada zinapunguza kukwama. Ila nikiweka gemu la mpira mambo yanageuka, kadi ndo inahema, prosesa imetulia, hapo hata uniwekee i7 tatu fremu, yaani picha kwa sekunde, ni zile zile. Na magemu mapya yanayotaka AVX2, aina ya maagizo ambayo prosesa hizi hazina, hayawaki kwenye i5 wala i7 ya kizazi hiki, kwa hiyo tusidanganyane. Na RAM yangu ni kijiti kimoja cha 8GB, nikiongeza cha pili vifanye kazi viwili kwa pamoja huenda nikapata nafuu kwa hela ndogo zaidi, ila hilo mdogo wangu hataki kulisikia maana halina jina kubwa.

Prosesa used yenyewe siiogopi, hizi hazifi hovyo. Naogopa mkono wa fundi. Pini za soketi 1155, pale prosesa inapokaa, zipo kwenye mazabodi yangu mimi, ikipinda moja tu muuzaji anaondoka na themanini yake mi nabaki na sanduku. Na pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto la prosesa, imeshakuwa unga, kwa hiyo pesti mpya nayo ni hela.

Huyo muuzaji nimempa ofa ya 60,000, aje nayo home iwake kwenye mashine yangu ndo nilipe. Kajibu mwisho 75, tena niwahi, kuna mteja yupo njiani anatoka Mbagala. Huyu mteja wa Mbagala nimemsikia kwenye simu, kwenye sofa, kwenye friji, kila nikitaka kununua kitu yeye yupo njiani, sijui anapanda gari gani mtu hafiki.