Ada Zina Kwato

Mimi kudaiwa nimezoea. Nadaiwa gengeni, nadaiwa kwenye kikoba, na kwa fundi viatu nimeacha hata kupita. Ila juzi nimedaiwa kitu ambacho hakikopesheki: maana ya neno.

Luku ilikata saa moja jioni. Nyumba yetu hapa Mbagala ina wapangaji saba na mita moja. Mwenye nyumba ana mita yake, lakini friji lake la juisi linakula kwenye yetu. Usiniulize fundi alifungaje. Basi binti yangu, yuko kidato cha kwanza, akachukua daftari lake akaenda kukaa barazani chini ya taa ya mzee. Nikamfuata, maana ndani joto.

"Baba, ukabaila ni nini? Na neno lenyewe limetoka wapi?"

Nikatoa simu, bando la mia tano. Kabaila, nikasoma, ni mtu mkubwa mwenye ardhi. Neno tumelichukua kwa Waarabu, kwao *kabail* ni makabila. Jina lingine la ukabaila, umwinyi. Na mwinyi ni nani? Ni mwenye. Mwenye nini? Hapo nikamtazama binti, binti akautazama mlango wa mzee.

"Endelea kusoma, baba."

Wazungu wao neno lao la ukabaila, kwa Kiingereza *feudalism*, walilitoa kwenye Kilatini cha zama za kati, *feudum*: shamba unalopewa na bwana ili akiitisha vita uende. Na wataalamu wengi wanalirudisha hilo *feudum* nyuma zaidi, kwenye neno la kale la Kijerumani lenye maana ya mifugo na mali. Mpaka leo Mjerumani mifugo anaiita *Vieh*. Mwingereza, kwenye ukoo huohuo, ana *fee*, ile iliyoandikwa kwenye risiti ya shule. Kwa hiyo ng'ombe kawa shamba, shamba likawa ada. Siku zote nilihisi ada zina kwato.

Kilichonichekesha, watu wa zama zile hawakujua kwamba wako kwenye ukabaila. Jina la mfumo mzima lilitungwa na wanasheria na wasomi karne nyingi baadaye. Mkulima wa Uingereza alichojua ni kwamba kuna siku za kulima shamba la bwana bure. Akitaka kumwoza binti, analipa. Akifa, bwana anakuja kuchagua mnyama aliyenona kuliko wote zizini, wafiwa hata mkeka hawajakunja. Na nafaka lazima asage kwenye kinu cha bwana, aache na fungu hapohapo.

Kwenye kinu nikasimama kidogo. Sisi hapa maji tunachota kwenye tangi la mzee, kwa bei ya mzee. Ukionekana na dumu la kwa jirani unaulizwa kwa upole kabisa, "Mwanangu, maji yangu yana nini?"

Wafaransa walichoka mapema, usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 bunge lao likatangaza kuyafuta mambo hayo. Uskoti umilikaji ardhi wa kikabaila ulifutwa rasmi Novemba 2004. Elfu mbili na nne! Mimi nilikuwa nishaanza kulipa kodi ya miezi sita hapahapa.

Na tusijifanye watakatifu. Bukoba kulikuwa na nyarubanja, mtu analima migomba kwenye ardhi ya mkubwa na kumpelekea fungu, mpaka ikatungwa sheria mwaka 1965 ya kuwakomboa wapangaji wale. Kwa Waha kulikuwa na ubugabire, na huo ulikwenda kwa ng'ombe: mkubwa anakupa ng'ombe, wewe unamtumikia. Wangeelewana vizuri na wale Wajerumani wa kale. Halafu mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha: kiongozi asishiriki jambo lolote la kibepari au kikabaila, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba wangu hajawahi kuwa kiongozi wa kitu chochote, hata kamati ya harusi, kwa hiyo alisalimika.

Nikawa nimenogewa, sauti imepanda, nahutubia baraza. Sikusikia kandambili zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnasoma nini?"

"Historia, babu," binti akadakia. "Swali la mwisho. Toa mfano wa kabaila unayemfahamu."

"Enhe. Umemwandika nani?"

Huyu mtoto nilimfundisha mwenyewe asiseme uongo. Akampa daftari. Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka chini, kidole kinafuata mstari. Mimi nilikuwa nahesabu mbu.

"Mwandiko mzuri," akasema, akalirudisha. Kisha akainua uso akaitazama taa, akatutazama sisi, akaitazama tena taa.

"Hapa mmekaa tangu saa ngapi?"