Ukibadilisha lidipaipu, usilitupe la zamani

Mtu akishika tarumbeta ya miaka 80, macho humwendea kwenye nakshi za mdomo mpana wa mbele. Mimi huanzia nyuma. Nachomoa slaidi kubwa ya kutyuni, yaani bomba la kuvuta linalorekebisha sauti, naelekeza lidipaipu kwenye mwanga, nachungulia. Bomba hilo la kwanza, linalopokea pumzi kutoka kwenye kipulizio (kile kipande kinachowekwa midomoni), ndilo huniambia kama chombo bado ni kizima.

Kwenye tarumbeta ya kawaida bomba hili huanza na tundu la milimita 9 hivi, likapanuka taratibu hadi milimita 11.7 au karibu na hapo. Tofauti haifiki hata milimita 3, lakini jinsi linavyopanuka ndiko kunakoamua kama noti za chini na za juu zitapatana. Hewa iliyomo ndani ya chombo hutikisika kwa mawimbi yaliyosimama: pana sehemu ambazo shinikizo hupanda na kushuka sana, na pana sehemu ambazo hewa hukimbia mbele na nyuma. Ukibana bomba penye shinikizo kubwa, noti hupanda kidogo. Ukibana pale hewa inapokimbia, hushuka. Na kwa kuwa kila noti ina mpangilio wake, kibonyeo kimoja kinaweza kuipandisha hii na kuishusha ile. Ndiyo maana sipendi kuona mtu akilinyoosha lidipaipu kwa kubahatisha, bila fimbo ya chuma iliyochongwa kwa umbo lilelile la ndani.

Adui mkubwa ni uozo mwekundu. Brasi ya njano huwa na shaba takriban asilimia 70 na zinki asilimia 30. Unyevu wa pumzi na mate huichomoa zinki polepole, ikabaki shaba yenye vitundu kama sponji. Kwa nje utaona doa la waridi lenye nukta nyeusi katikati, nalo linatoka ndani. Ukishaliona, ujue huko ndani kumeharibika zamani.

Hili nilijifunza kwa uchungu. Tarumbeta yangu ya kwanza ya zamani ilikuwa na doa la namna hiyo, nikaipeleka kwa fundi, akalisugua kwa mashine hadi likapotea. Nilifurahi sana. Baada ya miezi michache bomba likatoboka palepale. Ukuta wa lidipaipu una unene wa nusu milimita hivi, na sehemu kubwa ya kile kilichobaki kizima ilikuwa imeishia kwenye kitambaa cha kung'arishia. Kiraka cha brasi kilicholehemiwa juu ya tundu kingenisogeza mbele kidogo, na kwa doa moja dogo nakikubali. Bomba lililooza sehemu nyingi libadilishwe tu, na mwenye chombo asijione amekosa heshima kwa kitu cha kale. Chombo kilitengenezwa ili kipigwe.

Kurekebisha ili kupata sauti nyingine ni jambo tofauti, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Kabla hujagusa bomba, pima pengo lililopo kati ya ncha ya kipulizio na mwanzo wa lidipaipu. Kipokezi, yaani tundu kinamochomekwa kipulizio, kikilegea kwa uzee, kipulizio huzama kupita kiasi, pengo linapungua, na mpigaji analilaumu bomba lisilo na kosa. Angalia pia kizibo cha tundu la kutolea maji, maana kikivujisha hewa kidogo tu noti hupoteza uthabiti. Nimeona watu wakinunua bomba jipya kwa tatizo la kizibo.

Ukiwa bado unataka mabadiliko, fanya yanayorudishika. Lehemu laini ya bati huyeyuka kwenye nyuzi 180 hadi 220 hivi za selsiasi, kwa hiyo bomba hutoka na kurudi bila brasi kudhurika, ingawa vanishi ya zamani karibu na maungio inaweza kuungua. Bomba jipya likae kwenye vishikizo vyake bila kulazimishwa. Likivutwa ndipo lehemu ishike, chombo hubaki na mkazo ambao mpigaji huuhisi.

Kukata ndiko ninakokupinga kabisa. Ala nyingi za kale zilitengenezwa kabla ya mkutano wa London wa mwaka 1939 kukubali mitikisiko 440 kwa sekunde kwa noti ya La, na baadhi ziko juu kuliko hapo. Kwa hizo, slaidi ndefu zaidi hutosha mara nyingi, na ile ya asili inabaki salama. Lakini lidipaipu lililokatwa ili kupandisha sauti halirudi tena, na vipimo vya aliyelichora vimekwenda nalo.

Lile lililotoboka ninalo bado, nimelifunga kwenye kitambaa pamoja na karatasi yenye vipimo vya tundu lake kila baada ya sentimita 2. Fundi mwingine alivitumia kunitengenezea jipya kwa brasi yenye shaba asilimia 85, inayostahimili uozo zaidi. Noti ya Sol iliyo juu ya mistari mitano ya muziki imetulia. Mi ya nafasi ya nne kati ya mistari hiyo bado iko chini kidogo, kama ilivyokuwa na bomba la zamani, nami nimeiacha hivyo.