Kumfuata gaidi nchi ya watu: sheria inaruhusu mpaka wapi?

Kenya walivyoingia Somalia Oktoba 2011 sababu yao ilikuwa rahisi kuelewa, watu wanatekwa Lamu na Dadaab, watalii wanakimbia, jeshi likavuka mpaka kuwasaka Al-Shabaab, operesheni wakaiita Linda Nchi. Kwa sisi wa Tanga hii siyo habari ya mbali, nusu ya mtaa ina shangazi au mjomba Mombasa, ndo maana juzi barazani Ngamiani ilifufuliwa tena mpaka kahawa ikapoa.

Kijana mmoja anayepeleka machungwa ya Muheza huko Kenya anasema mwizi akikimbilia ua wa jirani na jirani mwenyewe hamuwezi, unaingia unamtoa, mambo ya hodi baadaye. Na sheria haimtupi kabisa huyu dogo. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaipa nchi iliyoshambuliwa kwa silaha haki ya kujilinda, na baada ya Septemba 11, 2001 Baraza la Usalama likaitaja haki hiyo kwenye azimio 1368 japo walioshambulia walikuwa kundi, siyo serikali.

Mwalimu mstaafu akamkata: "Mwanangu, kutekwa watu kadhaa ndo kushambuliwa kivita?" Hapo ndo penye utata wenyewe, maana wanasheria mpaka leo wanavutana. Halafu kuna kosa la shabaha. Mabomu ya Agosti 7, 1998 kwenye balozi za Marekani yaliua watu 11 Dar na zaidi ya 200 Nairobi, tarehe 20 Marekani ikapiga makombora kiwanda cha dawa cha Al-Shifa kule Khartoum kwa madai ya silaha za kemikali, ushahidi wenyewe ukaja kuyumba vibaya. Waliofiwa ni sisi, waliopoteza kiwanda ni Wasudani (na malaria kule haingojei uchunguzi).

Njia iliyonyooka zaidi ni kualikwa. Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Rwanda na vikosi vya SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), jeshi letu JWTZ wakiwemo, waliingia 2021 kupambana na wanamgambo kwa ridhaa ya Maputo, yaani serikali ya Msumbiji, ubishi wa ibara ya 51 ukawa hauna kazi. Kenya je? Rais Sharif wa Somalia mwanzoni alinung'unika hadharani, baadaye zikatoka kauli za pamoja, na 2012 KDF, jeshi la Kenya, wakaingizwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokuwa Somalia, yaani karatasi zilikuja nyuma ya vifaru.

Ila mwaliko nao haukwambii unatafuta nini. Kenya walianza na watekaji, ikawa mji wa bandari wa Kismayu, wakauchukua 2012, bado wakabaki. Al-Shabaab nao wakashambulia ndani ya Kenya: duka kubwa la Westgate, Nairobi, 2013 wakafa watu 67, chuo kikuu cha Garissa 2015 wakafa 148. Dogo anasema wasingeenda ingekuwa mbaya zaidi, mwalimu anasema walifuatwa kwa sababu walienda, na mimi naona wote wanabahatisha tu. Ninachokiona ni kwamba kujilinda kuna kipimo, umelizuia shambulio au hujalizuia, lakini "mpaka kundi liishe" haina kipimo, hapo kila mwaka unajiongezea ruhusa mwenyewe.

Dogo akatoa karata yake: Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020, wanamgambo walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaua watu wetu, ungekaa? Mwalimu akasema angevuka, ila Maputo wajue kabla. Sawa, mimi ningetaka na bunge liandikiwe askari wanakwenda kufanya nini na wanarudi lini, siyo tusikie redioni wameshafika.