Ribu ya mpira au boti ya faiba, na nyuma ufunge mashine gani? Uliza kwanza boti italala wapi

Kila msimu wa wageni ukikaribia huu mjadala unarudi, mtu ana kigesti chake Paje au anatembeza wageni Nungwi, kaweka akiba kidogo, anataka boti ndogo ya mita 4 hivi ya kupelekea watu snokeli na kurudi, na anauliza achukue ribu, yaani ile boti ya mpira yenye tumbo gumu la faiba au aluminiamu chini, au achukue boti ya faiba ya kawaida inayotengenezwa hapahapa, halafu nyuma afunge tu-stroki, yaani mashine ambayo oili unaichanganya kwenye petroli, au foo-stroki, ambayo oili inakaa peke yake. Majibu huwa ya kambi mbili. Kambi ya ribu wanasema hiyo ndo wanayotumia wanajeshi na waokoaji kwahiyo hakuna la kujadili, kambi ya faiba wanasema mpira ni wa kuchezea bwawani. Wote wana hoja zao, ila wote wanaruka maswali mawili ambayo kwa mwambao wetu ndo yanaamua kila kitu: boti italala wapi usiku, na ikiharibika nani ataigusa.

Tuanze na ribu maana ndo inabishaniwa zaidi. Sifa zake sio za kusingiziwa. Hii boti haikuanza kama kitu cha matajiri, ilianzia kwenye shule inaitwa Atlantic College kule Wales miaka ya 60, chini ya admeri mstaafu Desmond Hoare, walikuwa na boti za mpira mtupu za kuokolea watu na sakafu zilikuwa zinachakaa kwa kukokotwa ufukweni, wakaanza kubandika mbao chini mpaka wakafika kwenye tumbo gumu kamili. RNLI, shirika la waokoaji wa baharini Uingereza, wakaingiza boti yao ya Atlantic 21 kazini mwaka 1972. Kwahiyo asili yake ni kazi ya kutoka na kurudi ufukweni, kuvuta watu kutoka majini, kwenda kasi kwenye bahari chafu.

Na kazi hiyo ipo kwetu. Chukua Kilindoni kule Mafia kwenye papa potwe, kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 2 hivi. Mgeni anaruka, anaogelea, potwe anapita, mgeni anarudi, dakika tano baadae anaruka tena. Kwenye ribu anakumbatia tyubu, ule mpira wa hewa wa ubavuni, anapiga teke moja, yupo ndani, na hata wakipanda watatu upande mmoja boti hailali. Kwenye faiba ndogo lazima uwe na ngazi, na mtu mzito akining'inia ubavuni wengine wote wanakimbilia upande wa pili kusawazisha. Halafu kuna usalama, ribu hata ikijaa maji mpaka juu inaelea na watu wake wameishika, wakati faiba nyingi ndogo zinazouzwa hazina foamu wala chumba cha hewa ndani, ikijaa maji na mashine iko nyuma inakwenda chini tezi kwanza. Hili watu hawaulizi kabisa wakinunua faiba, wanauliza rangi.

Sasa upande wa pili. Ribu ya mita 3.8 kwa nje ina upana kama mita 1.75, na kila tyubu inakula sentimita 42 hivi, toa pande zote mbili unabaki na sentimita tisini za kukanyaga. Hapo uweke tenki la mafuta, nanga, kisanduku cha maji ya kunywa, mapezi ya watu, na miguu yao. Faiba ya urefu huohuo inabeba wageni na mizigo na bado kijana wa kazi anapita katikati. Kama biashara yako ni kupeleka saruji, magunia na wageni kwa zamu, kama wanavyofanya wengi wa vijijini, basi ribu imeshakutoka hapohapo, usiendelee kusoma upande wa ribu. Na kile kibandiko cha kiwanda kwenye ubao wa nyuma, chenye idadi ya watu, kilo na HP (nguvu ya mashine) ya juu kwa ISO 6185, kiwango cha kimataifa cha boti za kujaza hewa, wengi wanakichukulia kama pambo. Kile ndo mkataba wako na boti.

Kubwa lenyewe ni jua. Tyubu zinatengenezwa kwa vitambaa vya aina mbili, PVC na kile watu wanaita haipaloni. Hypalon lilikuwa jina la bidhaa ya DuPont, wao waliacha kuitengeneza kama mwaka 2010, siku hizi kitambaa cha aina hiyo kinatoka kwa wengine na karatasini kinaandikwa CSM. PVC ni bei nafuu, inapendeza ikiwa mpya, ila kwa jua letu inaanza kunata, inafifia, halafu viungo vinaachia. CSM inavumilia jua na mafuta vizuri zaidi kwa miaka mingi, ila ukiambiwa bei utakaa chini. Sasa muuzaji anakwambia "hii mpira original" bila kusema ni upi. Mwambie akutajie, na angalia kwenye maungio, sukuma kwa kidole gumba pembezoni mwa mshono, kama kingo inanyanyuka au kuna gundi ya njano imejitokeza na imekuwa kama ugoro, hiyo boti imeshaanza safari yake ya mwisho hata kama inang'aa.

Na hewa yenyewe ina hesabu yake. Umejaza tyubu asubuhi kwenye nyuzi 25 mpaka 0.25 ya ba, kipimo cha msukumo wa hewa, ambayo ndo kawaida kwa boti hizi, ukaiacha mchangani mpaka saa nane mchana hewa ndani imefika nyuzi 50, sasa uko kwenye 0.35 hivi. Hiyo ziada yote inavuta mishono. Ukiishusha majini inapoa, inalegea, unaongeza hewa, kesho unaiacha juani tena. Mtu asiyejua anafanya hivyo msimu mzima halafu anasema mchina kamtapeli.

Ikipasuka je? Hapa ndo naiona faiba inashinda kwa mbali. Faiba ikitoboka, kuanzia Dar mpaka Mombasa kuna kijana mwenye resini, hadina na mkeka wa faiba, kesho kutwa uko majini. Tyubu inataka gundi ya pakiti mbili ya kuchanganya, na gundi ya PVC sio gundi ya CSM, ukikosea kiraka kinabanduka ndani ya wiki, na tena gundi hizo zinataka hewa kavu, unyevunyevu usizidi asilimia 60 hivi. Asilimia 60 utaipata wapi Pemba mwezi wa 4? Inabidi ufanyie kazi ndani, chumba chenye eisii, au usubiri mchana mkavu wa kaskazi. Sio kwamba haiwezekani, mafundi wapo wachache wanaojua, ila waulize namba zao kabla ya kununua sio baada.

Kwahiyo inarudi kwenye kulala. Boti ya Nungwi, ambako maji yanabaki hata yakipwa, unaweza kuiacha inaelea kwenye nanga mwaka mzima. Boti ya Paje au Jambiani wakati wa bamvua maji yanatoka mpaka mwambani kule, boti inakaa mchangani juu ya vipande vya matumbawe na wale wadudu wa miiba myeusi, halafu juani, kila siku iendayo kwa Mungu. Ribu yenye trela, banda la makuti na kifuniko cha turubai, mi nasema chukua bila wasiwasi, na chukua ya CSM. Ribu ya kulala nje juani Jambiani, hapana, hata ukipewa kwa nusu bei. Faiba ya kulala nje inapauka rangi tu.

Haya, mashine. Hapa ubishi unakuwa wa kidini kabisa. Wavuvi na manahodha wengi wa mwambao ni watu wa tu-stroki, na Yamaha Enduro ndo jina wanalolijua hata watoto, na hawajapotea njia. Ulaya na Marekani tu-stroki za kabureta zimeshaondolewa kwenye maduka ya mashine mpya kwa sababu ya sheria za moshi, ila kwetu zinaendelea kuuzwa mpya, spea zipo mpaka kisiwani, na fundi anaifungua chini ya mwembe akiwa na spana tano na plagi ya akiba. Mashine ya 15, yaani HP 15, ya tu-stroki ina kilo kama 36. Ya foo-stroki ya 15 inafika kilo 52 hivi. Kilo 16 kwenye tezi ya boti ndogo sio mchezo, hasa ribu ya mita 3.5 ambayo ukikaa nyuma peke yako pua inaangalia mbinguni.

Foo-stroki nao wana lao. Kimya, mgeni anaongea bila kupiga kelele, haina ule moshi wa bluu wakati wa kuwasha, ukienda pole kutafuta potwe haikohoi. Na mafuta. Tuseme mashine ya 15 ikikimbia ful, tu-stroki inakula takriban lita 7 na kitu kwa saa, foo-stroki lita 5 na kitu, tofauti lita 2. Kwa saa 100 ni lita 200 za petroli. Ila watu wanasahau oili: ukichanganya 50 kwa 1, yaani mili 20 kwa kila lita ya petroli, zile lita 700 za saa 100 zinataka lita 14 za oili, na oili yenyewe iwe ya TC-W3 ya mashine za maji, sio ya bodaboda. Foo-stroki kwa saa hizohizo inabadilishiwa oili mara moja, ni lita 2 haifiki. Chukua bei ya petroli ya kwenu na bei ya oili, zidisha, utaona kwamba mtu anayetoka kila siku kwa wageni tofauti ya bei ya kununua foo-stroki inarudi, na mtu anayetoka Jumapili mbili kwa mwezi hairudi hata mashine ife.

Lakini foo-stroki ina masharti ambayo kijana wako wa kazi lazima ayajue. Ukiilaza vibaya kwenye pikapu oili inaingia kwenye silinda. Zile mpya za sindano za umeme, zisizo na kabureta, hazipatani na petroli ya kwenye madumu yenye maji na mchanga chini, lazima ufunge chujio la kutenganisha maji, na ikigoma fundi wa chini ya mwembe hawezi kuisikiliza kwa sikio. Mi binafsi kwa kisiwa ambacho wakala hayupo, hata kama mafuta yanauma, naenda na tu-stroki. Kwa Unguja mjini, Dar, Mombasa, ambako kuna mtu wa kuisoma na kuifungua, na biashara ni ya kila siku, foo-stroki. Sio swali la ipi bora kiufundi, foo-stroki imeshinda hapo zamani.

Kuna vitu vya kupita haraka lakini vinaua boti. Urefu wa mguu wa mashine, inchi 15 au 20, pima ubao wa nyuma kabla hujalipa, mguu mfupi kwenye ubao mrefu propela inakula hewa kila wimbi, mguu mrefu kwenye ubao mfupi unakokota maji na unagonga mwamba wa kwanza. HP usizidishe ya kibandiko, na usipunguze mno pia, ya 9.9 kwenye ribu yenye watu wanne haitapanda juu ya maji, itasukuma ukuta wa wimbi na kula mafuta kuliko ya 20. Propela ya akiba lazima, kwetu matumbawe hayana adabu. Kila ukirudi washa kwenye pipa la maji baridi isiyo na chumvi na uangalie inakojoa vizuri, yaani inatema maji ya kupozea, ule mkojo wa pembeni ukiwa mwembamba impela, kile kipanga cha pampu ya maji, imechoka, ibadilishe leo. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mguuni au kiunoni, na hasa penye waogeleaji. Usajili ni kwa mamlaka za vyombo vya majini, TASAC bara, ZMA Zanzibar, KMA kwa Kenya, na majaketi watayahesabu.

Kuhusu zile ribu za mtumba zinazokuja kwenye kontena kutoka Ulaya, zipo nzuri, wenzetu wanaziweka ndani miezi minane ya baridi. Gonga ubao wa nyuma kwa sarafu kutoka juu mpaka chini, sauti ikibadilika kutoka kali kuwa nzito kama umegonga mkate basi mbao ndani zimeoza na mashine itakuja kung'oka nao. Jaza hewa, ilale usiku mzima kivulini, asubuhi ibonyeze. Muuzaji asiyekubali ilale usiku mmoja kashakupa jibu.

Hela ikiwa haitoshi kwa vyote, mi ningechukua faiba nyepesi ya fundi anayekubali kuweka foamu chini ya viti mbele ya macho yangu, na mashine mpya ya tu-stroki ya 15 au 25, kuliko ribu nzuri yenye mashine ya mtumba isiyojulikana ilikotoka. Na ile hoja ya uzito ina upande mwingine ambao hauandikwi kwenye karatasi za kiwanda. Vijiji vingi mashine hailali kwenye boti, inalala chumbani kwa mwenyewe kwa sababu ya wezi. Kilo 36 kijana mmoja anaitupia begani na kupanda nayo. Kilo 52 ni watu wawili na mti wa kubebea, na jioni ambayo yule wa pili hayupo utajiambia leo tu ilale majini, ndo jioni hiyohiyo wanayoisubiri.