Usitoe Wota Pampu Kabla Hujatoa Mkanda

Wiki iliyopita mzee mmoja, jirani yangu hapa Magomeni, aliandikiwa bei ya wota pampu, ile pampu inayozungusha maji ya kupoza injini, kwa kelele ambazo hazikuwa zinatoka kwenye wota pampu. Nimekasirika, na ninaandika hivyohivyo nikiwa na hasira zangu.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 saluni, lile lenye ncha mbili zilizochongoka nyuma. Asubuhi likiwashwa lilikuwa linalia mbele, sauti ya kusaga. Fundi akafungua boneti, akasimama mikono kiunoni, akasikiliza kwa muda usiozidi wa kusalimiana, akasema, "Mzee, wota pampu imekufa hiyo." Hakugusa kitu. Akaandika karatasi: pampu, gasketi, mkanda, ufundi. Jioni mzee akaja na karatasi ile kuniuliza kama bei ni ya haki. Nikamwambia, baba, bei iache kwanza, huyu amejuaje kwamba ni pampu? Akanijibu, "Si fundi, mwanangu. Amesikia."

Amesikia kelele tu. Zinatoka wapi, hakupatafuta.

Mbele ya injini ya gari la zamani kuna mkanda mmoja unaozungusha vitu kadhaa kwa pamoja: pampu, feni, alteneta au dainamo. Vyote vina beringi, zile gololi zinazofanya kitu kizunguke bila kusagana, na vyote vimefungwa kwenye chuma kimoja kinachosafirisha sauti kila upande. Beringi ya alteneta ikianza kulia, sauti utaisikia kwenye pampu. Hakuna sikio la binadamu, liwe la fundi wa miaka mingapi, linaloweza kusimama mbali na injini likasema kwa hakika ni hiki na si kile. Anayesema hivyo anabahatisha kwa pesa ya mwenzake.

Najua mazoea haya yametoka wapi. Gari la Kijapani la kila siku, spea zake zimejaa Gerezani na Shauri Moyo. Fundi anabadilisha pampu. Kelele zikibaki anabadilisha alteneta. Zikibaki anahamia kwenye kingine, hadi siku gari linyamaze. Mwenye gari analipia vyote na bado anashukuru. Huko hasara ni pesa. Kwa 404 hasara ni kubwa kuliko hiyo, maana saluni hizi Ufaransa iliacha kuzitengeneza mwaka 1975. Pampu ya asili ikishatupwa kwenye chuma chakavu, imekwenda. Utaletewa "ya kufanana", na ya kufanana ndiyo itakayokula mkanda wako kwa sababu puli, lile gurudumu linalopitiwa na mkanda, haikukaa mstari mmoja na zenzake.

Na hili si gari la kuchezewa hivyo. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, mara zote mbili ndani ya 404. Gari lililopita kwenye vumbi na tope lile linastahili angalau mtu wa kuinama na kulikagua.

Nakubali, shingo upande: gari la umri huo likilia mbele, kuishuku pampu ni haki. Lakini kushuku kunaanzisha kazi, hakuimalizi.

Kazi yenyewe haihitaji kompyuta. Injini ikiwa ya baridi, legeza bolti ya alteneta, isukume kuelekea injini, toa mkanda. Washa injini nusu dakika, usizidishe, kwa sababu pampu haizunguki na maji hayatembei. Kelele zikiendelea vilevile, pampu haihusiki kabisa. Tafuta ndani, huenda ni cheni ya taimingi, ile inayozungusha vyuma vya ndani ya injini. Kelele zikikata, sasa unajua mhalifu yuko kati ya vitu vinavyozungushwa na mkanda, na vyote viko mbele ya macho yako. Zima. Zungusha kila puli kwa mkono, taratibu. Beringi nzima inateleza kimya. Iliyokufa utaihisi vidoleni kabla ya kuisikia, inakwaruza kama ina mchanga ndani. Halafu shika puli ya pampu, moja kwa moja kwenye puli, uitikise juu na chini. Isicheze. Ikicheza hata kidogo, hapo sawa, mpe fundi haki yake.

Tulifanya hivyo kesho yake, mimi na mzee. Mkanda ulipotoka, kelele zikakatika. Alteneta ikazunguka vizuri. Puli ya pampu ikazunguka vizuri, haichezi, na chini yake pakavu. Nikashika panga la feni kwenye ncha: likacheza. Feni inacheza, puli imetulia.

Wenye 404 na 504 za zamani tayari wameshaelewa. Feni ya magari haya haikufungwa moja kwa moja kwenye puli. Ina beringi yake yenyewe, na ndani ya puli kuna sumaku ya umeme. Injini ikiwa ya baridi sumaku haishiki, puli inazunguka peke yake na feni inaelea. Maji yakipata moto, swichi ya joto inapeleka umeme kupitia kibrashi cha kaboni, sumaku inashika, feni na puli vinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Fikiria maana yake kwa kelele. Beringi ya feni inafanya kazi pale tu feni na puli vinapopishana mwendo. Kwa hiyo kelele zinazosikika asubuhi na kukatika ghafla feni inaposhika ni za beringi ya feni. Kelele za pampu hazijali feni imeshika au haijashika. Zinapanda na kushuka na mwendo wa injini tu.

Tukarudisha mkanda, tukawasha, tukasubiri. Kwa joto la Dar hukusubiri sana. Feni ikashika, ule upepo wake ukatupiga usoni, na kusaga kule kukakatika palepale. Mzee alicheka mpaka akashika fenda. Beringi moja ndogo.

Magari yasiyo na feni ya namna hii, tumia bisibisi ndefu: ncha kwenye mwili wa pampu, mpini mfupani karibu na sikio, kisha hamia kwenye alteneta, linganisha. Kaa mbali na feni, na shati lisilofungwa vifungo livue kabisa. Kama sauti ni mlio mkali wa asubuhi unaopotea baada ya muda, nyunyiza maji kidogo kwenye mkanda. Mlio ukibadilika, shida ni mkanda au umelegea. Wenye Volkswagen zinazopozwa na upepo, nyie hamna pampu ya kulia.

Sasa niseme kinachoua pampu hizi kweli, maana hapa ndipo tunapojiumiza wenyewe. Ni maji. Kila ukimwambia mtu aweke kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, anakujibu, "Hapa Dar hakuna barafu, kulanti ya nini?" Ya kuzuia kutu! Injini ya 404 ina bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu. Weka maji matupu kati ya metali hizo mbili, yapashe moto kila siku, uone. Na maji yenyewe ni yapi? Ya kisima, ya Kigamboni na Mbagala, ambayo ukiyachemshia chai unaonja chumvi. Yale yale yanaingia kwenye rejeta kila gari linapochemsha kwenye foleni ya Tazara.

Ndani ya pampu kuna sili, kizuizi cha maji yasivuje, yenye nyuso mbili zinazosuguana, na kati yake kuna utando mwembamba sana wa maji unaozilainisha. Chembe za kutu na chumvi zikipita hapo zinakwangua. Sili ikikwanguka, maji yanavuja kuelekea kwenye beringi, na hapo waliounda pampu walifikiri vizuri: wakaacha tundu dogo chini ya mwili wa pampu ili maji yaliyovuja yadondoke nje yasifike kwenye grisi. Tundu hilo ndilo linalokusemesha. Alama ya kahawia au chumvi nyeupe iliyoganda pale ni taarifa kwamba sili inaondoka na kelele ziko njiani. Nimeona gari ambalo tundu limezibwa kwa gundi ya chuma ili "lisivuje". Lisivuje! Maji yakarudi kwenye beringi, yakaosha grisi yote, pampu ikafa ikipiga kelele, na mwenye gari akaambiwa pampu za zamani hazidumu.

Tumia kulanti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu lake, na ichanganye na maji ya betri yale mepesi, si yale makali ya asidi. Thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, mliyoing'oa irudisheni. Mkanda usikazwe kama waya wa nguo. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie sentimita moja hivi, maana uliokazwa mno unaivuta beringi ya pampu upande mmoja mchana kutwa.

Na ikithibitika kweli pampu imekufa, bado usiitupe. Mwili wake mara nyingi unakuwa mzima. Kilichokufa ni beringi na sili. Mafundi wa kuchonga wenye mashine za kubana wapo mjini hapa. Beringi ya pampu nyingi huja pamoja na shafti yake, kipande kimoja, kwa hiyo pima unene wa shafti na urefu wake kabla hujaenda kwenye maduka ya beringi Gerezani. Ila kabla fundi hajang'oa chochote, pima kwa venia, kile kipimo cha mafundi cha kubana, umbali kutoka uso wa mwili wa pampu hadi kitako cha puli, na nafasi iliyopo kati ya mapanga ya ndani na mwili. Andika kwenye karatasi. Mapanga yakikaa karibu mno yatakwaruza, na hiyo ni kelele mpya umeinunua; yakikaa mbali mno maji hayatasukumwa vya kutosha na hedi itakuja kupinda kwenye mlima wa Kimara. Fundi akikuambia vipimo si lazima, itajipanga yenyewe, chukua pampu yako uondoke.